Mjusi wa Tendaguru: nani kambadili jina, na kwa ruhusa ya nani?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa mkoani Lindi. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake:

"Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba mjusi mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, yule aliyesimamishwa Berlin, anaitwa Brachiosaurus brancai. Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita kanisahihisha mbele ya wageni. Eti huyo ni Giraffatitan, na Brachiosaurus ni wa Marekani. Nani kambadili jina mjusi wetu, na alipewa ruhusa na nani? Na kama majina yanabadilika, kwa nini wasimpe la Kiswahili, akaachana na la Mjerumani?"

Shikamoo Mwalimu,

Mjukuu yuko sahihi. Nawe hukuwafundisha watoto uongo: miaka uliyokuwa darasani, vitabu karibu vyote, vya huku na vya kwao, viliandika Brachiosaurus brancai. Kilichobadilika ni hoja, na hoja hiyo ilikuja kukomaa mwaka 2009.

Katika swali lako kuna neno moja linalonilazimisha nianzie mbali kidogo, nalo ni "ruhusa". Wengi hudhani iko ofisi mahali fulani Ulaya ambako majina ya wanyama hupelekwa yakagongwa muhuri. Haipo. Kipo kitabu cha sheria, Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, na ipo tume inayokitunza na kuamua mashauri pale wataalamu wanaposhindwana. Tume hiyo haiidhinishi jina jipya. Jina huzaliwa siku linapochapishwa kwa kufuata masharti: liandikwe kwa herufi za Kilatini, ielezwe mnyama anavyotofautiana na wenzake, itajwe mifupa inayolibeba jina hilo, na pajulikane mahali inapotunzwa. Ukitimiza hayo, jina lipo, hata wataalamu wote wakilichukia. Kama watalitumia ama watalisusa, hilo ni shauri jingine.

Sharti la mifupa ndilo lenye jibu lako. Jina la kisayansi halifungwi shingoni mwa mnyama, hufungwa kwenye mfupa. Kila spishi ina kielelezo chake cha msingi: kiunzi kizima kwa wenye bahati, fuvu, au wakati mwingine pingili mbili tu za uti wa mgongo, vimelala ndani ya droo ya makumbusho vikiwa na namba yao. Hicho ndicho kigingi. Mifupa mingine yote ya namna hiyo duniani hupewa jina hilo kwa sababu tu mtu kailinganisha na kielelezo akasema, "huyu na yule ni wamoja." Akija mwingine akalinganisha vizuri zaidi na kuona si wamoja, kamba haihami kigingi. Anayebaki bila jina ni yule aliyekuwa amefungwa pembeni.

Sasa kigingi cha Brachiosaurus kiko Marekani. Mwaka 1900 Elmer Riggs na wenzake walichimba katika jimbo la Colorado sehemu ya mnyama mkubwa ajabu. Kati ya mifupa hiyo ulikuwamo mmoja wa zaidi ya mita mbili ambao Riggs mwanzoni aliudhani ni wa paja uliopondeka. Ulipokuja kusafishwa ukaonekana ni wa mkono, wa juu ya kiwiko, nao ni mrefu kuliko wa paja. Kwa dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu waliojulikana siku zile, mambo yalikuwa kinyume. Ndiyo maana mwaka 1903 akamwita Brachiosaurus altithorax, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Lakini alichokuwa nacho Riggs ni mifupa ya mgongo, nyonga, mbavu, pingili mbili za mkia, mkono mmoja, paja moja na vipande vya bega. Hakupata kichwa. Hakupata shingo.

Miaka kumi na moja baadaye, 1914, Werner Janensch wa Berlin akawa na mifupa ya Tendaguru mezani kwake. Mkono wa juu sentimita 213. Alipoilinganisha michache iliyokuwa inalingana, akaona ufanano wa kutosha, akamweka mnyama wake ndani ya jenasi ya Riggs, yaani kundi la spishi ndugu linalobeba neno la kwanza la jina, na kumpa spishi mpya, brancai. Simlaumu. Ukiwa na mikono miwili mirefu namna hiyo, mmoja wa Colorado na mmoja wa Lindi, nawe huna wa tatu wa kufananisha, hata wewe ungesema ni ndugu.

Kilichofuata ndicho kituko. Kwa kuwa wa Tendaguru alikuwa kamili zaidi, mwenye fuvu, shingo na miguu, picha za Brachiosaurus zilizochorwa karne nzima, hata zile za vitabu vya Marekani, zilichorwa kwa kumtazama yeye. Kwa miaka 90 na ushei, dunia ilikuwa na mnyama mmoja mwenye jina la Colorado na sura ya Lindi.

Mwaka 1988 Gregory Paul alionyesha kwamba pingili za mgongo za hao wawili hazifanani vya kutosha, akapendekeza jina Giraffatitan kama tawi dogo ndani ya Brachiosaurus. Mwaka 1991 George Olshevsky akalipandisha likawa jenasi kamili. Wachache waliwafuata. Wengi tuliliona kama pendekezo la mtu mmoja mwenye jicho kali na haraka nyingi. Ndipo Mwingereza Michael Taylor akakaa na kulinganisha mfupa kwa mfupa, kila kiungo kilichopo pande zote mbili, na mwaka 2009 akatoa orodha ya tofauti 26. Baadhi ni ndogo, za kona na mifereji ya pingili. Nyingine zinaonekana kwa macho: kiwiliwili cha yule wa Colorado ni kirefu zaidi. Tofauti hizo ni kubwa kuliko zile ambazo kwa wanyama wengine zimetosha kutenga jenasi. Baada ya hapo mjadala uliisha kwa sehemu kubwa, na huyo ndiye "aliyembadili jina" mjusi wenu, kama unataka mtu wa kumshika shati. Hakumnyang'anya kitu. Alionyesha tu kwamba kwa karibu karne nzima alikuwa amefungwa kwenye kigingi cha jirani.

Kwa hiyo ungeuliza, kwa nini asibaki na jina wa Lindi, mwenye mwili kamili, akapewa jipya wa Colorado, mwenye vipande? Kwa sababu ya sheria ya kutangulia. Jina la kwanza kuchapishwa hubaki na mfupa wake wa kwanza, hata kama aliyefuata ni mzuri mara kumi. Hesabu hiyo huanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kazi ya Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina haya ya maneno mawili. Mwaka 1903 umetangulia 1914, basi.

Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho. Katika kazi yangu nimefungua droo nyingi za mifupa ya zamani, na kitu ninachokitazama kwanza si mfupa, ni kibandiko. Kiko kimoja ninachokikumbuka hasa: karatasi ya manjano, wino wa kahawia, jina la kwanza limekatwa kwa mstari wa penseli, la pili limeandikwa juu yake kwa kalamu ya bluu, la tatu limechapwa kwa mashine na kubandikwa pembeni. Majina matatu, mfupa mmoja. Kitu pekee ambacho hakuna aliyethubutu kukikata ni namba. Mjusi wenu naye ndivyo alivyo. Kwa wanaoshughulika naye kila siku, aliitwa "S II" tangu enzi za uchimbaji: S ni shimo alilotolewa, II ni kiunzi cha pili cha shimo hilo. Majina yamekuja na kwenda, S II kabaki S II.

Tena angalia vizuri nini kilichobadilika na nini hakikubadilika. Jina lake kamili leo ni Giraffatitan brancai. Nusu ya pili haikuguswa. Spishi ikihamishwa jenasi, huhama na jina lake la pili, kama mtoto anayehamia kwa baba mdogo na begi lake. Ukikuta limeandikwa kitaalamu, Giraffatitan brancai (Janensch, 1914), yale mabano yana kazi: yanakwambia Janensch aliitaja spishi hii mwanzo ikiwa ndani ya jenasi nyingine. Bila mabano maana yake haijawahi kuhama. Watu hudhani mabano ni pambo.

Na kwa vile wewe ni mwalimu, hili utalipenda: majina haya yana upatanisho wa kisarufi, kama ngeli zetu. Mtu wa kwanza kuwapa majina dinosaria wa Tendaguru hakuwa Janensch. Mwaka 1906 mhandisi wa migodi, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, akachukua mifupa, na 1908 akawaita wawili wake Gigantosaurus africanus na Gigantosaurus robustus. Mjusi jitu, jina zuri, tatizo lilikuwa moja: Mwingereza Harry Seeley alikuwa ameshalitumia tangu 1869 kwa mifupa ya kwao. Jina la jenasi haliruhusiwi kuwa la wanyama wawili. Basi mwaka 1911 Richard Sternfeld akawapa jina la Tornieria, na hapo africanus akageuka africana, robustus akageuka robusta, maana Tornieria kwa Kilatini ni jinsia ya kike. Huwezi kusema "kitabu mzuri", nao hawawezi kusema Tornieria africanus.

Kisa cha jina hilo hakikuishia hapo. Robusta alikuja kuonekana si ndugu wa africana hata kidogo, na mwaka 1991 Rupert Wild akamtenga akamwita Janenschia, kwa heshima ya Janensch. Africana naye aliwahi kuhamishiwa jenasi ya Kimarekani, Barosaurus, akakaa huko miongo mingi, hadi mwaka 2006 Kristian Remes alipomrudisha kwenye Tornieria. Hata Malawi liliwafikia: mnyama aliyechimbwa huko aliitwa Gigantosaurus dixeyi mwaka 1928, miaka 17 baada ya jina hilo kuonyeshwa kwamba lina mwenyewe, naye akasubiri mpaka 1993 ndipo akapata lake, Malawisaurus. Kwa hiyo mjusi wako si peke yake aliyehama. Ukoo mzima wa Tendaguru ni wa wahamaji.

Kugongana kwa majina kuna visa vya kuchekesha. Dinosaria mdogo wa Zimbabwe aliitwa Syntarsus mwaka 1969. Mwaka 2001 wataalamu wa wadudu wakagundua kwamba jina hilo ni la mbawakavu mmoja tangu 1869, wakampa dinosaria yule jina jipya wenyewe: Megapnosaurus, yaani mjusi mkubwa mfu. Wenye dinosaria hawakufurahi, lakini jina lilikuwa limekidhi masharti yote. Na pale Tendaguru penyewe, yule wa miiba mgongoni, Kentrosaurus wa Edwin Hennig wa mwaka 1915, alizua hofu kwa sababu Kanada kulikuwa na Centrosaurus tangu 1904. Hennig mwenyewe akapendekeza Kentrurosaurus, mwingine akapendekeza Doryphorosaurus. Yote mawili yalikuwa bure. Kwa Kanuni, herufi moja tofauti inatosha, K si C, na Kentrosaurus akabaki na lake.

Sasa nije kwenye jina la Mjerumani, ambalo naona ndilo lililokuudhi zaidi.

Branca ni Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho ya mabaki ya kale Berlin aliyeipigania safari ya uchimbaji ya 1909 hadi 1913. Siye pekee. Dicraeosaurus hansemanni anamtaja David von Hansemann aliyehangaikia michango ya fedha. Elaphrosaurus bambergi anamtaja mfadhili, Paul Bamberg. Na Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyepewa jina mwaka 1919, anamtaja jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye vita yake hapa Afrika Mashariki iliua wapagazi na wanavijiji wasiohesabika kwa njaa na magonjwa. Dysalotosaurus ni mjusi asiyekamatika kirahisi, na mwaka ule 1919 kila Mjerumani alijua jenerali gani hakukamatika. Mnyama mwenyewe alikuwa mdogo, mwepesi, wa kukimbia kwa miguu miwili. Hakutaka hata vita na mtu.

Hapo wachimbaji walikuwa wapi? Tani zaidi ya 200 za mifupa zilitoka Tendaguru miaka michache tu baada ya Maji Maji kuzimwa, katika nchi ambayo bado ilikuwa na makovu. Mamia ya watu walichimba, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Namna ya kufunga mzigo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mfupa wa miaka milioni 150 ukishatolewa udongoni una nyufa kila mahali, ukiubeba hivi hivi unafika kokoto. Basi ulipakwa udongo, ukazungushiwa fito za mianzi zilizopasuliwa na kufungwa kwa kukazwa, mpaka ukawa kama pipa jembamba ambalo mtu anaweza kulibeba bila kulitikisa. Zaidi ya miaka mia baadaye, Berlin bado kulikuwa na mizigo ya mianzi ambayo haijawahi kufunguliwa. Aliyeifunga alijua kazi yake. Jina lake halipo kwenye mfupa.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji, nyapara kwa neno la wakati ule, alikuwa Boheti bin Amrani. Wajerumani wenyewe waliandika kwamba bila yeye kazi isingekwenda. Ilichukua hadi 2007 kwa mtu kumpa chake: Remes alipozipitia upya pingili mbili za shingo za Tendaguru akamtambua mnyama mpya, akamwita Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ukaja Wamweracaudia keranjei. Hilo nadhani utalisoma mara mbili, Mwalimu. Wamwera ni hao hao Wamwera wa kwenu, cauda ni mkia kwa Kilatini, kwa kuwa kielelezo chake ni mfululizo wa pingili za mkia uliokuwa umewekwa kimakosa kwenye Janenschia. Na keranjei ni Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji. Mkia huo ulitoka ardhini kabla ya Vita ya Kwanza, ukasubiri zaidi ya karne moja kuwa mkia wa Wamwera.

Je, brancai haiwezi kufutwa ikawekwa nyingine? Kwa Kanuni ya sasa, hapana. Jina likishachapishwa sawasawa, halikataliwi kwa sababu halifai, linaudhi, au hata ni la uongo. Yuko nyangumi wa kale anayeitwa Basilosaurus, mjusi mfalme, kwa sababu aliyempa jina mwaka 1834 alidhani ni mtambaazi. Ilipogundulika ni nyangumi, Richard Owen, huyo huyo aliyetunga neno dinosaria mwaka 1842, alijaribu kumbadilishia akashindwa. Mpaka leo nyangumi anaitwa mjusi. Tume ilishaulizwa kuhusu majina yenye kumbukumbu mbaya, ikasema haitaingia huko, kwa hofu kwamba kila kizazi kingeanza orodha upya na hakuna ambaye angeelewa maandiko ya mwenzake.

Mimi hoja hiyo naielewa, maana nimewahi kupoteza wiki nzima nikifuatilia mfupa mmoja kupitia majina manne. Lakini sikubaliani nayo yote. Tume ina uwezo wa kuzima jina kwa nguvu zake za pekee pale uthabiti unapohitaji, na imefanya hivyo mara nyingi kwa sababu ndogo kuliko Lettow-Vorbeck. Kwa brancai singesumbuka. Kwa lettowvorbecki ningetia saini leo.

Kuna suala unaloweza kulichanganya na hili, la mifupa kurudi nyumbani, ambalo Bungeni limesemwa zaidi ya mara moja. Jina halilisaidii wala halilizuii. Mnyama anaweza kuitwa kwa Kiswahili akakaa Berlin, na anaweza kuitwa kwa Kijerumani akakaa Lindi. Nikisema "mnyama" pia nakuomba ukumbuke kwamba unachokiona pale, kilichosimamishwa mwaka 1937 na kupangwa upya mwaka 2007, mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, si mwili wa mmoja. Sehemu kubwa ni S II, palipokosekana pamezibwa kwa mifupa ya wengine na kwa vya kutengenezwa. Pingili za shingo na fuvu lililoko juu ni nakala, halisi ni nzito na ni rahisi kuvunjika. Kigingi cha jina kimo humo humo, ndani ya mifupa halisi ya S II.

La Kiswahili sasa. Ulidhani hakuna, kumbe yapo, na mengi ni ya miaka hii ya karibuni. Mwaka 2010 mnyama wa Ruvuma, wa miaka milioni 240 hivi iliyopita, ndugu wa karibu wa dinosaria ambaye si dinosaria kamili, aliitwa Asilisaurus kongwe. Asili ni asili yetu, kongwe ni kongwe yetu. Mwaka huo huo mamba mdogo wa kale kutoka bonde la Rukwa, mwenye meno yaliyogawanyika kazi kama ya mnyama anyonyeshaye, aliitwa Pakasuchus kapilimai: paka wa Kiswahili, neno la Kigiriki la mamba, na Saidi Kapilima, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ameshafariki. Mwaka 2017 Shingopana songwensis, jina ambalo halihitaji kutafsiriwa. Mwaka 2022 Mambawakale ruhuhu, ambaye mifupa yake ilichimbwa mwaka 1963, na waliompa jina walisema wazi kwamba wamechagua Kiswahili kwa kuwakumbuka Watanzania walioshiriki safari ile bila kutajwa majina.

Ninayempenda kuliko wote ni wa mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto alikopatikana, na moyo wa mkia ni pingili moja ya mkia wake ambayo ukiitazama ina umbo la moyo, lile la kuchorwa kwenye kadi. Usikasirike kwamba maneno yameunganishwa. Jina la jenasi lazima liwe neno moja, na la spishi vilevile, hakuna nafasi wala alama. Hata king'ong'o chetu hakiruhusiwi: siku mtu akimwita mnyama kwa neno lenye ng', ile alama ya juu itadondoshwa na jina litasomeka vingine kabisa. Naingoja siku hiyo kwa hofu.

Sharti ni hilo moja la msingi: jina la Kiswahili hupewa mnyama mpya, ambaye hajawahi kuwa na jina lililochapishwa. Nalisisitiza neno "lililochapishwa" kwa sababu ya Nyasasaurus. Mifupa yake ilitolewa karibu na Ziwa Nyasa miaka ya 1930. Alan Charig akamtaja kwa jina hilo katika tasnifu yake ya miaka ya 1950, wataalamu wakalitumia midomoni na hata kwenye orodha zao, lakini maelezo kamili hayakuchapishwa. Kwa sheria, jina hilo lilikuwa upepo mtupu. Charig alifariki 1997. Mwaka 2013 ndipo Sterling Nesbitt na wenzake walipochapisha maelezo, wakaliacha jina kama Charig alivyolitaka, Nyasasaurus parringtoni, na wakamweka marehemu miongoni mwa waandishi. Huenda huyo ni dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, au jirani yao wa karibu sana, na alikaa miaka zaidi ya hamsini bila cheti.

Kwa hiyo mjukuu: akiulizwa darasani aandike Giraffatitan brancai, herufi kubwa mwanzo wa neno la kwanza tu, ndogo kwenye la pili hata kama linatoka kwa jina la mtu, na yote mawili yaandikwe kwa mlazo, au yapigiwe mstari kama anaandika kwa mkono. Akikuta kitabu cha zamani chenye Brachiosaurus brancai asikitupe, ni mnyama yule yule. Akitaka kukusahihisha tena mbele ya wageni, muulize mabano ya Janensch yana kazi gani.